Kuku Walioliwa na Msaada

Kuna methali moja ambayo nikiisikia siku hizi nanyanyuka na kwenda nje kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimegundua kwamba wengi wanaoisema huwa ndio wageni, na mara nyingi huwa wameshika sahani. Mimi nimeshamwona mwenyeji akiponywa namna hiyo. Alikuwa baba yangu.

Nianze na yeye, kwa sababu kanisani hadithi hii huanzia kwa wageni.

Baba aliendesha lori la kiwanda kimoja cha Thika kwa miaka mingi. Tulipanga Ruiru, nyuma ya Membley, vyumba viwili katika ploti yenye bomba moja la maji, na kila Jumapili tulivuka barabara kwenda kanisa la watu wa Membley. Lilikuwa kanisa la wenye magari. Sisi tulifika kwa miguu, viatu vimepigwa rangi, na baba aliketi mbele kabisa bila wasiwasi, akiimba kwa sauti nene. Siku ya mshahara alikaa kitandani, akatenga fungu la kumi, akalitia kwenye bahasha na kuilamba, ndipo akamwita mama wazungumzie unga na kodi. Unga ulizungumziwa kwa kile kilichobaki. Walipojenga ukumbi alitoa pesa zake zote za likizo, nami nikaendelea kuvaa sweta ya shule ambayo mikono yake ilikuwa imeishia kwenye viwiko. Hakuna aliyemlazimisha. Alipenda kutoa jinsi wanaume wengine wanavyopenda mpira. Alisema mali yote ni ya Mungu, sisi ni mawakili tu, na wakili mwema haulizi mwenye mali anaitaka ya nini. Neno hilo, uwakili, alilipata kwenye mahubiri, na alilishika kuliko waliomhubiria.

Kiharusi kilimpata akiwa kwenye foleni ya kupakia mzigo. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na karibu maneno yake yote. Ulimi ulipoanza kurudi polepole, mzaha wake wa kwanza ulikuwa kwamba sasa hakika mkono wake mmoja haujui mwingine unafanya nini, kama Mkristo alivyoagizwa. Tulicheka kwa sababu yeye ndiye aliyecheka kwanza.

Kazi ikaisha. Kodi ya Ruiru ikawashinda, wakahamia Ngoingwa, kwenye kipande cha ploti alichoachiwa na cucu, mama yake. Palikuwa na nyumba ndogo ya mawe na uwanja nyuma. Mimi nilibaki Ruiru, ambako nauza nguo za watoto za mitumba sokoni. Nilikuwa nikienda Ngoingwa kila nilipopata siku ya kufunga meza yangu.

Mama hakukaa kulia. Alijenga banda la waya pale nyuma na kuanza kufuga kuku wa kienyeji, wale walioboreshwa, wanaotaga vizuri. Mayai aliyauzia maduka ya mtaani na vijana wanaouza mayai ya kuchemsha pale stejini. Pesa hizo zilikuwa na kazi moja tu, nayo haikuwa unga. Zilikuwa za tuktuk ya kumpeleka baba mjini Thika mara mbili kwa wiki, na za kumlipa dada wa fizio aliyekuwa akimfundisha kutembea upya. Dada yule alikuwa mdogo kwangu, mkali, na alimpenda baba. Alituambia kitu ambacho sikukisahau.

"Miezi hii ya kwanza ndiyo mwili bado unasikia," alisema. "Tukiipoteza, baadaye tutakuwa tunabembeleza mti. Na msimkalishe sana. Mwili ukizoea kiti, kuutoa hapo ni kazi."

Basi mama akafunga kamba ya katani kutoka mwimo wa mlango wa jikoni hadi kwenye nguzo ya banda. Kila asubuhi baba alivaa koti lake la udereva, akashika kamba kwa mkono wa kushoto na kuifuata, mguu wa kulia ukiburutwa nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Kule bandani alijiegemeza kwenye nguzo, akaokota mayai, akayatia kwenye mifuko ya koti na kurudi. Mwanzoni alivunja mengi. Mama alifua koti lile bila kunung'unika. Kufikia wakati ninaousimulia, alikuwa akirudi na mayai yote mazima, na siku moja nilimwona akiiachilia kamba, akapiga hatua mbili tatu hewani, akaishika tena, kisha akageuka kuona kama kuna aliyemwona. Nilijifanya kuangalia sufuria. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena tangu siku ile.

Kisha kanisa likatukumbuka.

Mwenyekiti wa akina mama alipiga simu. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya asali, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba sina mtu mbaya wa kumnyooshea kidole.

"Mama, kanisa halijawasahau," alisema, na mama aliweka simu kwa sauti ya nje ili baba asikie. "Jumamosi ya wiki ijayo tunakuja kumwona mzee. Watu wachache tu, kamati. Na tuna kitu tumempangia. Msijisumbue kabisa."

Kwetu, mgeni akikuambia usijisumbue, anataka akute umejisumbua kwa kiasi. Mama aliwatenga kuku wachache kwa kuwafunga uzi mwekundu mguuni. Hilo sikulipinga. Mgeni ni mgeni.

Katikati ya wiki simu ikaita tena. Kwaya wameomba waje kumwimbia mzee, kwa vile yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji. Mama akarudi bandani na uzi. Ijumaa, nilipokuwa nimeshafika kusaidia, ikaita mara ya tatu. Vijana pia wameguswa. Magari hayatatosha, kwa hiyo kanisa limekodi basi. Tumshukuru Mungu.

Mama alisema, "Amina." Akakata simu, akachukua kile kisu kirefu badala ya kile kidogo.

Tulikaa nyuma ya nyumba na karai la maji ya moto katikati yetu, tukinyonyoa. Nilikuwa nimekasirika tangu simu ya pili, na harufu ya manyoya mabichi haikunisaidia.

"Mama, wapikie githeri," nilimwambia. "Weka parachichi juu. Watakula."

"Wageni wa kanisa niwape githeri."

"Kwani githeri si chakula? Hata wao huwa wanakula."

"Huwa wanakula kwao."

"Hao kuku ndio miguu ya baba. Wewe unajua hivyo kuliko mimi."

Alinyonyoa bawa zima kabla ya kunijibu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Katika miaka yote ile ya Ruiru, yeye mwenyewe alikuwa kwenye basi hilo. Alivaa sare, akaenda kuona wagonjwa, wajane, waliounguliwa nyumba. Siku moja walikwenda kwa mama fulani ambaye mumewe alikuwa amelala kitandani. Mama yule aliwapa strungi na mkate mkavu. Walikunywa, wakaomba, wakatoa walichobeba, wakaondoka wakikumbatiana.

"Basi halijafika hata lami," mama alisema, "mmoja akauliza, yaani hata maziwa ameshindwa kukopa kwa jirani? Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Huyo mama hatukurudi kwake tena. Hakuna mtu alisema tusirudi. Ni vile tu hatukurudi."

"Sasa wewe unaogopa kuchekwa."

"Naogopa kusahauliwa." Alitupa manyoya kwenye gunia. "Baba yako ameipa hiyo kanisa pesa akiwa amesimama. Hawatamkuta hapa kama mtu wa kuomba. Wakiona tumewapokea kama watu, watatoa kama wanapea watu. Bahasha ikija nitanunua vifaranga mara mbili ya hawa. Si ndivyo tumefundishwa? Mpaji hapungukiwi."

Angekuwa anafanya upumbavu ningemfokea, lakini alikuwa anafanya kile alichofundishwa kila Jumapili tangu nikiwa tumboni mwake. Aliwaona kuku wale kama mali ya Bwana aliyokabidhiwa, na sasa Bwana ametuma basi zima kuja kuchukua. Nikaendelea kunyonyoa. Vidole vilikuwa vimebabuka kwa maji ya moto na sikutaka aone ninavyolia, nikamwambia ni mvuke.

Jioni baba alitoka na koti lake kama kawaida. Alishika kamba, akaifuata hadi bandani. Alikuta jogoo na matetea wachache waliokuwa wamejibanza kwenye kona. Alisimama pale kwa muda, akihesabu kwa macho kitu ambacho hakikuhitaji kuhesabiwa.

"Wako... wapi?" aliuliza.

"Ni wa wageni wa Bwana, baba," mama alimjibu kutoka jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Baba aliitikia kwa kichwa. Akageuka, akaishika kamba na kurudi nayo, mifuko ikiwa mitupu.

Jumamosi walikuja. Basi lilishindwa kukata kona ya kwetu, likaegeshwa barabarani, nao wakashuka wakiimba na kutembea hadi kwetu katika mstari mrefu wa vitambaa vyeupe vya kichwa. Majirani walitoka kwenye maghorofa mapya kutazama kutoka kwenye roshani. Nakiri kwamba ilipendeza. Kama hukujua kilichokuwa ndani ya masufuria, ungesema mbingu zimeshuka Ngoingwa.

Baba alikataa kuwapokea akiwa ameketi. Mama alikuwa amemvisha suti aliyovaa kwenye harusi ya dada yangu, na alisimama mlangoni ameshika mwimo, bega langu likiwa upande wa pili. Walimsalimia mmoja mmoja. Ilichukua muda mrefu na niliusikia mguu wake ukitetemeka kupitia mwili wangu, lakini hakuketi. Kisha akatembea. Alitoka mlangoni hadi kwenye tenti tuliyoazima, akiegemea bega langu kidogo tu, watu wakimtazama. Wengine walisema amina. Nilifikiri, sasa wameona. Sasa watajua pesa zao ziende wapi.

Kwaya iliimba. Mhubiri alihubiri juu ya utoaji, akasema kutoa ni moyo wala si utajiri, akamtaja yule mjane wa sadaka ndogo. Mama alikuwa jikoni wakati huo akigawanya vidari ili vitoshe, kwa hiyo huyo mjane hakumsikia.

Halafu wakala. Sina njia ya kulisema hilo kwa upole. Walikula pilau, wakala chapati, wakala mukimo, na kila sahani ilikuwa na kipande cha kuku juu yake, na waliokosa paja waliuliza kama kuna paja. Walisifu. "Huyu mama anajua kukaribisha," walisema, "hii ni kienyeji haswa." Mwishoni, kama desturi ilivyo, baadhi ya akina mama walikuja jikoni kwa sauti ya chini.

"Nifungie kidogo, mama, nipelekee wa nyumbani."

Mama aliwafungia. Alifunga vipande ambavyo nilikuwa nimevificha kwenye kabati kwa ajili ya baba.

Baada ya chakula zawadi zikatolewa. Unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, blanketi ndani ya nailoni yake. Kila kitu kiliinuliwa juu kwanza ili kipigwe picha. Kisha mwenyekiti wa akina mama akaomba watu wafumbe macho, na vijana wawili wakaja wakisukuma kitu kutoka barabarani. Tuliambiwa tufumbue. Kilikuwa kiti cha magurudumu, kipya, kimefungwa utepe mwekundu.

Watu walipiga makofi. Wengine walilia, na naamini walilia kwa kweli. Walikuwa wamechangishana kwa wiki kadhaa, wakishindana kutoa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga simu kumuuliza baba anahitaji nini. Angewaambia. Neno tuktuk alikuwa ameshaweza kulitamka.

Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kama kila mtu. Wanaume wawili walimshika kwapani, mmoja kila upande, wakamwinua na kumweka kwenye kile kiti kabla hajapata muda wa kusimama mwenyewe. Wakamgeuza kuelekea kamera. Mtu akamrekebishia tai. Katika ile picha, ambayo hadi leo iko kwenye ubao wa matangazo kanisani, baba anatazama pembeni. Watu hudhani anatazama mbinguni, lakini upande ule ndio uliokuwa na banda.

Bahasha ilikuja mwisho. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaitia kifuani. Hakuifungua mpaka basi lilipoondoka. Ndani mlikuwa na kadi ya kumtakia baba nafuu, yenye maua, iliyotiwa saini na kamati nzima. Mama aliitikisa. Akaangalia tena ndani ya bahasha. Baadaye, kwa simu, mwenyekiti alimweleza bila kificho kwamba kiti kilimeza mchango karibu wote, na kilichobaki kilikodi basi.

Sasa nieleze kilichofuata, na nitakieleza haraka kwa sababu kilichukua muda mrefu kutokea na sipendi kukaa nacho.

Mayai ya kuku wale waliobaki hayakutosha. Tuktuk ya mara mbili kwa wiki ikawa ya mara moja, kisha ya wiki zile ambazo nilipata cha kutuma, na sokoni msimu ulikuwa mbaya. Mama alinunua vifaranga vichache, lakini kifaranga hatagi kwa sababu una shida. Dada wa fizio alipunguza bei, kisha akapunguza tena, kisha akatuambia ukweli kwamba hata yeye ana wakubwa. Niliwaambia tuuze kiti. Kilikuwa kipya, kingelipa fizio kwa miezi kadhaa.

"Kiti ya kanisa?" mama aliniuliza kana kwamba nimemwambia tuuze altare. "Wakirudi kumwona wakikosa, nitasema nini?"

"Hawarudi, mama."

"Nikiuza ndiyo hawatarudi."

Nikaenda kanisani mwenyewe. Mzee wa kanisa anayesimamia misaada alinipokea ofisini kwake, akanikaribisha chai, nikaikataa. Ni mtu wa kusikiliza. Alinisikiliza hadi mwisho nikimweleza habari za kamba, na za banda, na yale maneno ya kubembeleza mti. Kisha akavua miwani.

"Dada yangu, nikuambie kama familia," alisema. "Jina lenu lilikuja kwa kikao. Lakini mmeshasaidiwa, na kuna watu hawajafikiwa hata mara moja. Na usinielewe vibaya. Ile siku tulikuja kwenu, wengi walirudi wakisema hiyo nyumba iko sawa. Hakuna mwenye shida anachinja vile."

Nilimtazama. Alikuwa na uso wa mtu mwema anayefanya kazi ngumu kwa haki. Nilitaka kumwambia kwamba kama tungewapa strungi wangecheka kwenye basi, na kwa kuwa tuliwapa kuku walisema hatuna shida, basi maskini wa kanisa hili apike nini? Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema ataliweka hilo kwenye maombi. Nilitoka pale nikitembea kwa miguu hadi mjini Ruiru, nikijisemea peke yangu njiani, na mtu wa bodaboda aliyetaka kunibeba alinitazama mara moja akaendelea na safari yake.

Nataka niseme wazi, maana nimeshaambiwa nina roho chungu. Sikatai utoaji. Nimelelewa na mtoaji. Nakataa mtu kutoa kile anachopenda yeye kuonekana akikitoa, kwa mtu ambaye hajamuuliza kitu, na kisha kula kwake. Hiyo kwangu ni njaa tu iliyovaa sare. Na roho yangu ndiyo, ni chungu. Ingekuwa tamu ningejishuku.

Baba alianza kukaa. Kwanza mchana tu, kwa sababu kiti kilikuwa pale na kinaweza kusukumwa hadi kwenye jua. Kisha asubuhi. Siku moja nilifika Ngoingwa nikakuta mama ameanika nguo kwenye kamba, mashuka na lile koti la udereva likiwa safi, na baba yuko kwenye kiti chini yake, akitazama. Nikamwambia mama atoe nguo. Akatoa. Tulimsimamisha baba, nikauweka mkono wake kwenye kamba. Alijaribu. Namkumbuka usoni, jinsi alivyojaribu kwa ajili yangu. Mguu ulikuwa hausikii tena. Tukamrudisha kitini, na mama, baada ya muda, akaanika nguo zake.

Mwaka jana, Jumapili ya shukrani, walituma gari limchukue. Walitaka ushuhuda. Mama alifurahi sana. Wametukumbuka, alisema, unaona? Nilikwenda kwa sababu ilibidi mtu asukume kiti.

Ule ukumbi aliotolea pesa zake za likizo una ngazi mlangoni na hauna njia ya magurudumu. Wanaume wanne walimbeba na kiti chake hadi ndani, watu wakipiga vigelegele. Nilimweka mbele kabisa, pale alipokuwa akiketi zamani. Mhubiri akashuka kutoka mimbarini, akaweka mkono kwenye bega lake.

"Wapendwa, mnamkumbuka mzee wetu," alisema. "Tulipompelekea kiti hiki, alikuwa bado anasimama. Wengine mliniuliza, na mna haki, mchungaji, kweli huyu anahitaji kiti? Nikasema tutoe kwa imani. Sasa angalieni leo. Sisi hatukujua, lakini Roho alijua atakihitaji."

Makofi yalijaa ukumbi mzima. Nilishika mipini ya kile kiti hadi vidole vikafa ganzi. Mhubiri akainama na kumwekea baba kipaza sauti mdomoni, akamwambia hata neno moja tu, mzee, la shukrani.

Baba alikusanya mdomo wake kwa muda. Ukumbi ulinyamaza, watu wakitabasamu na kumsubiri kwa subira yote ile watu wema waliyo nayo.

"Mli... shiba?" aliuliza.

Kicheko kilianza mstari wa pili na kuenea hadi nyuma. Walifurahi. Waliona mzee bado ana mzaha wake wa zamani. Mwenyekiti wa akina mama alisimama, akapunga kitambaa.

"Tulishiba, mzee, tulishiba kabisa," alisema. "Mungu awabariki."

Baba aliitikia kwa kichwa na kusubiri kicheko kiishe. Alikuwa ametaka kujua, na sasa alijua. Kipaza sauti kikaondolewa. Kwaya ikaanza wimbo wa utoaji, kikapu cha sadaka kikaanzia kwetu kwa heshima, kikasimama mbele yake, na kijana aliyekishika akainama ili mkono wa kushoto ukifikie. Baba alikitazama. Mkono ulibaki juu ya goti. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akiiacha sadaka impite, na nilimwona siku ile. Mama, aliyekuwa ameshafungua pochi, alimwangalia, kisha akaifunga.